MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Kura Moja Ina Kazi Gani?

Mwezi huu sitaanza na mazao. Nitaanza na swali. Swali lenyewe nililipata shambani, kijijini Matwebe, chini ya migomba, na mvua ilikuwa inanyesha. Sisi wa Rungwe tumezoea. Huku kwetu mtu akingoja mvua ikatike ndipo alime, hatalima.

Nilikuwa namwonyesha bibi mmoja namna ya kupunguza machipukizi ya migomba. Katika kila shina tunaacha migomba mitatu tu: mama, binti na mjukuu. Mingine tunaing'oa, maana ikiwa mingi inanyang'anyana chakula na mikungu inakuwa midogo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akashika kiuno, akaniuliza:

"Bwana Shamba, wewe umesoma. Niambie. Kupiga kura kunamsaidia nini mtu kama mimi?"

Nikamjibu kwamba kura ni haki ya kila raia.

"Hayo nimeyasikia redioni," alisema. "Mimi nimekuuliza kunanisaidia nini."

Basi nikaweka panga chini.

Bibi huyu amepita miaka themanini. Kura yake ya kwanza aliipiga mwaka 1965, alipokuwa ameolewa karibuni. Anaikumbuka vizuri. Wakati ule huku bara kulikuwa na chama kimoja tu, TANU. Lakini karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa ubunge. Watu wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, na mwenzake alipewa alama ya nyumba. Wagombea hao walizunguka pamoja na kuhutubia mkutano mmoja. Ilikuwa marufuku kutaja kabila, rangi au dini ya mtu. Ilikuwa lazima kuhutubia kwa Kiswahili, hata hapa Unyakyusa. Kura ya Rais ilikuwa ya mtu mmoja, Mwalimu Nyerere. Mpiga kura alisema Ndiyo au Hapana.

"Mimi nilichagua jembe," alisema bibi. "Nilifikiri watatugawia majembe. Leo ni miaka sitini. Sijaona jembe, sijaona nyumba."

Tulicheka sote wawili. Lakini bibi alikuwa na uchungu. Kutoka nyumbani kwake kwenda barabarani kuna kijito. Juu ya kijito kuna daraja la magogo mawili. Mvua ikizidi magogo yanateleza. Mwaka jana mtoto wa jirani alianguka hapo, akavunjika mkono, na maziwa yote yakaenda na maji. Kila wakati wa kampeni daraja hilo linatajwa. Kampeni zikiisha, halitajwi tena.

Nilianza kumjibu kwa mambo ya zamani. Nilimwambia kwamba mama yake mzazi hakuwa na haki aliyo nayo yeye. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, wakati wa Waingereza, si kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Ilitakiwa mtu awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe na elimu iliyotakiwa, au awe na cheo fulani. Mkulima wa ndizi angepata wapi pauni 150? Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa wengi kupita wote, lakini viti viligawanywa sawasawa. Watu wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Mwezi Januari 1958 walikutana Tabora, wakabishana sana, kisha wakakubali kushiriki. Wagombea waliokubaliwa na TANU walishinda. Miaka mitatu baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, nchi ikapata Uhuru.

"Ndaga," alisema bibi. "Hiyo ilikuwa kazi ya kura. Nimekubali. Lakini Uhuru tulikwisha kuupata. Mimi nauliza kura za baada ya hapo."

Nikamrudisha kwenye mwaka ule ule wake wa jembe na nyumba. Mwaka 1965 Waziri wa Fedha alikuwa Ndugu Paul Bomani. Alikuwa mtu mkubwa, kiongozi wa vyama vya ushirika vya pamba kule Mwanza tangu kabla ya Uhuru. Wananchi wa jimbo lake hawakumchagua. Walimpa kura mtu mwingine. Wabunge wengine kadhaa nao waliangushwa. Mkulima asiyejua kusoma alimwondoa waziri kwa alama moja kwenye karatasi.

Nilifikiri hapo nimeshinda. Bibi akaniuliza, "Na baada ya hapo, huyo waziri alirudi kulima pamba?"

Nilinyamaza kidogo. Ukweli ni kwamba Rais alimteua kuwa mbunge, naye akaendelea kuwa waziri.

"Basi walimtoa mlangoni, akaingia dirishani," alisema bibi.

Ndugu wasomaji, sikuweza kubisha. Lakini nilimwambia jambo moja, na bado naliamini. Hata aliyeingia dirishani alijua kwamba watu wa mlangoni hawamtaki. Kiongozi anayejua hivyo hakai kwa raha kama yule anayedhani anapendwa.

Bibi akaendelea. Akauliza juu ya mwezi Oktoba 2025. Ana mjukuu wake mjini. Alikaa siku kadhaa bila kujua kama yu mzima. Katika uchaguzi ule chama kikubwa cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi za kura. Siku ya kura, na siku zilizofuata, palitokea machafuko mijini na watu walikufa. Mwezi Novemba Rais aliunda tume ya kuchunguza. Bibi aliniuliza, "Je, hiyo nayo ni faida ya kura?" Nilimwambia sina jibu la kumpa aliyefiwa. Mimi ni mtu wa migomba na viazi. Lakini sitamdanganya mtu kwamba mambo hayo hayakutokea. Wala sitamlaumu anayesema moyo wake umepoa.

Waliopoa moyo hawakuanza mwaka huo. Mwaka 2010, kati ya kila watu 10 waliojiandikisha nchini, kama 4 tu ndio waliopiga kura. Mwaka 2015 walipanda hadi karibu 7. Mwaka 2020 walishuka tena hadi kama 5. Mtu huhesabu hivi: "Sisi ni mamilioni. Kura yangu moja ni tone katika Ziwa Nyasa." Kwa kura ya Rais hesabu hiyo si ya kijinga. Waliopiga kura mwaka 2015 walizidi milioni 15.

Lakini siku ile ile unapewa pia karatasi ya diwani. Huyo anachaguliwa na kata yako tu. Tena kuna uchaguzi mwingine, mdogo kuliko huo, ambao watu wengi hawauhesabu kuwa uchaguzi. Ni ule wa kijiji na kitongoji. Ulifanyika mwaka 2014, 2019 na 2024. Hapo kura yako si tone ziwani. Ni kikombe katika mtungi.

Nilimwuliza bibi, "Mwenyekiti wa kitongoji chako ni nani?" Alimtaja. "Ulimchagua?" Akasema hakwenda. Siku ile alikuwa anapalilia maharage.

Sasa tazama safari ya daraja lake. Mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Halmashauri hiyo ina watu 15 hadi 25, na robo yao ni lazima wawe wanawake. Hao ndio wanaopanga kazi za kijiji. Jambo likiwashinda, linakwenda kwenye kata kwa diwani, na kutoka huko linakwenda kwenye halmashauri ya wilaya pale Tukuyu. Kama mwenyekiti wa kitongoji hakulitaja daraja katika kikao cha kwanza, huko mbele hakuna atakayelijua. Mbunge analitaja kwenye kampeni kwa sababu ameambiwa asubuhi ile ile na mtu aliyempokea. Jioni ameshasahau, naye anataja daraja la watu wengine.

Nitawasimulia habari moja. Zamani nilifanya kazi katika kijiji kimoja, si cha wilaya hii, na jina lake sitalitaja. Kila nyumba ilichanga fedha za kujenga josho la ng'ombe. Miaka miwili ikapita bila josho. Kwenye vilabu vya pombe watu walisema, "Wamekula." Kwenye mkutano wa kijiji hawakusema, kwa sababu hawakuja. Mimi nilikwenda kuzungumza juu ya mbegu. Niliwakuta watu wanaoweza kukaa kwenye benchi mbili. Ulipofika uchaguzi, wengi walikuwa mashambani. Mwenyekiti yule yule akarudi, tena kwa kura chache tu.

Ndipo akina mama wauza maziwa wakapatana. Sheria inasema mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Walikuja wote, wakakaa mbele, na ndoo zao miguuni. Waliuliza swali moja: "Tusomewe mapato na matumizi ya josho." Walijibiwa kwamba kitabu kiko kwa mtendaji, naye amesafiri. Miezi mitatu baadaye waliuliza tena. Mara ya tatu kitabu kililetwa. Fedha nyingine zilikuwapo, nyingine hazikuwapo. Uchaguzi uliofuata mwenyekiti hakurudi. Josho lilianza kujengwa. Nilipohamishwa lilikuwa bado halina paa. Sijui kama limepata paa mpaka leo, lakini shimo lake nililiona kwa macho yangu.

Wale mama hawakungoja kura peke yake. Walianza na swali, kisha kura ikafuata. Anayepiga kura kisha asitie mguu mkutanoni kwa miaka mitano ni kama aliyepanda viazi asirudi kupalilia. Lakini na yule anayeuliza mkutanoni kisha asipige kura, mwenyekiti hamwogopi.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa. Zipo kilo za chumvi na kanga zinazogawiwa usiku. Mwaka 2000 sheria iliruhusu wagombea kuwakirimu watu, wakaiita takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilisema sehemu hiyo ya sheria inavunja Katiba. Kwa hiyo chumvi hiyo siyo ukarimu. Ni bei. Gawanya kilo moja ya chumvi kwa miaka mitano, uone umeuzwa kwa punje ngapi kwa siku.

Wengine husema, "Kwetu mgombea ni mmoja, nikachague nini?" Mwaka 2019 wenyeviti wengi walipita bila kupingwa, na watu hawakuulizwa kitu. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilishwa. Mgombea akiwa peke yake, alipigiwa kura ya Ndiyo au Hapana. Bibi alipenda hilo. "Kama Mwalimu," alisema. "Sasa Hapana nitaisoma mwenyewe. Zamani nilionyeshwa."

Mvua ilikuwa imepungua. Bibi alisema amesikia. Kwanza ataulizia siku ya mkutano wa kijiji, akalitaje daraja mbele ya watu. Kura ataifikiria wakati wake ukifika, akiwa hai. Kisha akanitazama.

"Na wewe, Bwana Shamba, mwaka 2024 ulimchagua nani kwenye kitongoji chako?"

Ndugu wasomaji, hapo nilitamani kurudi kwenye machipukizi. Lakini nilimwambia ukweli, na ninyi nawaambia. Sikupiga kura. Nilikuwa na kadi ya mpiga kura ya Tume ya Uchaguzi. Nilidhani inatosha. Kumbe uchaguzi wa kijiji na kitongoji una orodha yake. Wakazi walitakiwa wajiandikishe upya kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba 2024, kila mtu kwenye kitongoji chake. Siku hizo nilikuwa nazunguka na habari za mbegu za viazi. Tarehe 27 Novemba nilikwenda na kadi yangu mfukoni. Jina halikuwapo. Mke wangu alipiga kura, mimi nikarudi nyumbani kama mgeni. Sasa nikilalamika juu ya bomba la maji, yeye huniuliza, "Ulimwambia nani?"

Bibi alicheka mpaka akaketi kwenye gogo. Kisha akanikatia mkungu wa ndizi, akasema nimpelekee mwenye akili nyumbani kwangu.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuchagua na kuhifadhi mbegu za viazi mviringo.

Bwana Shamba wenu