Mnara wa Kanisa na Hazina ya Mbinguni

Siku hizi ukiuliza kanisa fulani linaendeleaje, utaelezwa habari za mabati, vigae na mnara. Habari za roho za watu hutaambiwa. Jambo hili linanikera, nami ni mshiriki wa kanisa tangu utotoni.

Tumeigeuza harambee kuwa ibada. Mheshimiwa akifika, mahubiri hukatwa, naye hupewa kiti cha mbele na kipaza sauti, na kiasi alichotoa kikatangazwa kwa vigelegele. Mjane aliyetoa shilingi 20 hatajwi. Yesu alimwona mjane wa namna hiyo hekaluni akasema ametoa kuwapita wote, sisi hatumwoni.

Hebu tukumbuke Rabai. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai mwaka uo huo akamzika mkewe, kisha mtoto wao mchanga. Hakufunga virago. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walifungua kituo huko Rabai. Rebmann alikaa hadi 1875, akarudi kwao Ujerumani akiwa kipofu. Kwa miaka yote hiyo, karibu 30, waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kwa hesabu zetu za leo mtu huyo alishindwa. Kamati ingemwachisha kazi mwaka wa pili! Lakini kanisa la Rabai lingalipo.

Wako watakaosema kwamba bila fedha Injili itahubiriwa chini ya mwembe. Basi na ihubiriwe chini ya mwembe. Sipingi majengo, maana mvua ikinyesha hata mtakatifu hulowa. Ninalolipinga ni kuiuza madhabahu. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha alizotoa Rais katika kanisa moja mtaani Soweto, likasema zitarudishwa. Wengine walidai hiyo ni siasa tu. Yawezekana, lakini mimi nilifurahi, kwani ni nadra kusikia kanisa likisema fedha hizi hatuzitaki.

Kwetu mnara haujaisha, na watoto watatu wa marehemu mwalimu wetu wa kwaya wamefukuzwa shule kwa kukosa karo. Nimeipelekea halmashauri barua nikiomba mchango wa mwezi ujao uende kwao kwanza. Jibu sijapata, na matofali yamekwisha agizwa.