Paka kipofu wa Mudzipela: tumpeleke wapi?

Jumamosi moja asubuhi, kwenye avenyu moja ya kartie Mudzipela, watoto watano walikuwa wanamrushia paka mawe. Paka hakukimbia. Macho yake yote mawili yalikuwa yameziba kwa usaha, hakujua mawe yanatoka upande gani. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akawashauri watoto wammalize, kwa sababu paka wa namna ile, alisema, si paka wa bure. Mama mmoja akatoka parseli ya jirani na fagio mkononi, akafukuza watoto, akamfunika paka kwa kitenge kizee na kumbeba. Halafu akatugeukia sisi tuliokuwa tumesimama tunaangalia, akauliza: tumpeleke wapi?

Hakuna aliyejibu. Mimi naandika habari za mji huu kila siku, na mimi pia nilinyamaza. Mudzipela ina kanisa, ina shule, ina kituo cha afya, ina duka la dawa karibu kila kona. Nyumba ya kupokea mnyama mgonjwa au mlemavu haina. Swali la yule mama ndilo linaleta makala hii.

Najua jibu la kwanza litakalotoka kwa wasomaji wengi, na ni jibu la haki. Watu wanauawa Djugu, watu wanauawa Irumu na Mambasa, wahami wanalala chini ya maturubai huko Kigonze, na gazeti linatuletea habari za paka? Mkoa wetu uko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Kuna watoto walemavu ambao hawana hata kiti cha magurudumu. Mtu mwenye akili timamu ataomba makuta kwa ajili ya paka vipofu?

Tuseme wazi basi: hata franka moja ya wahami isiguswe. Hatuombi bajeti ya serikali wala mradi wa wafadhili. Tunazungumza juu ya jambo ambalo vijana wa kartie wanaweza kulifanya kwa mikono yao, saa mbili au tatu kwa juma, na faida yake inarudi kwetu sisi watu. Na asiyependa paka hata kidogo ana sababu ya kusoma mpaka mwisho, kwa sababu paka mgonjwa asiye na mwenyewe ni shida ya afya ya kila mkaaji.

Tuanze na kazi ya paka. Bunia inakula mahindi, maharagwe, muhogo na mchele, na vyote vinakaa kwenye madepo na ndani ya nyumba zetu. Panya anakula humo humo. Mama wengi wa soko wanafuga paka si kwa mapambo, ila kwa kulinda magunia. Sasa paka huyo akigongwa na pikipiki akabaki na miguu mitatu, tunamtupa. Akipata mafua ya utoto yakamharibu macho, tunamtupa. Kisha panya wanapozidi tunanunua dawa ya panya. Panya aliyekula dawa anakufa polepole, paka wa jirani anamla, naye anakufa. Tumeua mlinzi na tumeacha sumu ndani ya nyumba yenye watoto.

Waganga wa wanyama wanajua kitu ambacho wengi wetu hatujui: paka mlemavu si paka aliyekwisha. Mwenye miguu mitatu, kidonda kikipona, kwa kawaida anajifunza kutembea na kuruka upya ndani ya majuma machache. Kipofu anashika ramani ya nyumba kwa masharubu, kwa pua na kwa masikio, mradi hamsogezi bakuli lake kila siku na mnamwita kwa sauti kabla ya kumgusa. Kiziwi anasikia mtikisiko wa sakafu, ila asiachwe barabarani, maana hasikii pikipiki. Kuna pia paka wanaozaliwa wakitetemeka na kuyumba kama walevi. Watu wanasema wamerogwa. Ukweli ni kwamba mama yao alipatwa na virusi akiwa na mimba, na sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo haikukua vizuri. Kuyumba huko hakuwaumi, hakuambukizi, na hakuongezeki kadiri wanavyokua. Wanahitaji sahani pana isiyopinduka na sakafu isiyoteleza, basi.

Hapa ndipo kazi ya kujitolea inapoonekana. Paka wa namna hii hahitaji mashine. Anahitaji mtu wa kufika kila siku saa ile ile. Mtu wa kumsafisha macho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Mtu wa kuhakikisha kwamba yule anayeyumba amekula kabla wenye nguvu hawajamaliza. Mtu wa kukaa kimya karibu na aliyepigwa mawe, bila kumshika, hata kama ni kwa kusoma tu kitabu chake cha mtihani, mpaka siku mnyama mwenyewe atakaposogea. Kwa paka aliyepooza nyuma kuna kazi ngumu zaidi, ya kumsaidia kukojoa, na hiyo lazima ifundishwe na veterinere, kwa sababu ukikosea unamuumiza.

Na kuna mambo ya kuacha. Wengi tunapoona mnyama ana homa tunampa paracetamol. Kwa paka hiyo ni sumu: kidonge kimoja kinaweza kumuua. Wengi tunampa maziwa tukidhani tunamsaidia, kumbe paka wengi wakubwa wanahara kwa maziwa ya ng'ombe. Samaki wadogo wa Ziwa Albert bila chumvi, na maji safi, vinamfaa zaidi.

Tusifikiri kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Pale Nairobi, shirika la KSPCA linapokea wanyama waliotupwa na walioumia, na watu wa kujitolea wanasaidia kuwalisha na kuwazoeza. Kampala kuna USPCA, inayofanya kazi hiyo hiyo kwa mbwa na paka. Hapa kwetu mashariki mwa Kongo, Bukavu ina shirika Sauvons nos Animaux, lililoanzishwa na Wakongomani wenyewe. Na kisiwani Lamu, Kenya, kuna kliniki ya punda tangu 1987. Lamu ni mji wa vichochoro ambamo gari halipiti, mizigo yote ilikuwa juu ya mgongo wa punda, basi punda akiumia familia nzima ilikosa chakula. Watu walianza na mnyama aliyebeba maisha yao. Kwetu Bunia, anayelinda gunia ni paka.

Lakini mifano hiyo inatufundisha na onyo. Nyumba za wanyama zinajaa haraka. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa bado hajafikisha mwaka, na mimba yake inachukua takriban siku 63. Ukikusanya paka bila kuwafunga uzazi, mwaka ujao utakuwa na watoto wao, na mwaka unaofuata huna chakula wala nafasi. Ndiyo maana hatupendekezi jengo kubwa. Paka watano au sita walemavu katika parseli moja iliyofungwa vizuri wanatosha kuanza. Wengine wabaki kwa wenyewe, ambao watafundishwa namna ya kuwatunza.

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi, yaani magonjwa.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Kinaitwa hivyo, lakini paka pia anakishika na kukipitisha kwa mtu akimuuma. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59.000 kila mwaka, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Hata hivyo kinazuilika: mtu aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbie kituo cha afya kutafuta chanjo, siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mnyama atakufa.

La pili ni tauni, na hapa Ituri haina haki ya kusahau. Ugonjwa huu unajulikana katika nyanda zetu za juu, upande wa Djugu, Mahagi na Aru, tangu miaka ya 1920. Zone ya afya ya Rethy ilipata wagonjwa tena mwaka 2020 na 2021. Tauni inatoka kwa panya kupitia viroboto. Paka anayekula panya mgonjwa anaweza kuishika: anapata homa, anavimba chini ya taya, anakohoa, na anaweza kumwambukiza anayemshika. Mtu akitibiwa mapema kwa antibiotiki anapona. Akichelewa, anakufa.

Mtu atasema: basi ndiyo sababu ya kuua paka wote. Hapana. Ukiua paka panya wanabaki, na viroboto wanabaki na panya. Sababu hiyo inatuonyesha kitu kingine: paka mgonjwa ni habari. Panya wakifa ovyo ndani ya nyumba, ni habari. Paka akivimba shingo, ni habari. Nani anaipokea habari hiyo leo katika Mudzipela? Mtoto anamtupa paka kwenye mtaro, mvua inampeleka, na habari imepotea. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tulijifunza kwa uchungu kwamba mnyama aliyekufa haguswi kwa mikono mitupu, kwamba kunawa kunaokoa, na kwamba kuficha ugonjwa kunaua kuliko ugonjwa wenyewe. Kikundi cha vijana kinachojua kila paka wa kartie, chenye namba ya veterinere na ya muuguzi mkuu, kingelinda mafunzo hayo yasifutike.

Kwa hiyo kazi hii iwe na masharti. Anayejitolea avae glavu na anawe. Paka mpya akae peke yake kwanza mpaka veterinere amwone. Wanyama wote wachanjwe. Mwenye mimba asisafishe kinyesi cha paka, kwa sababu ya taksoplasma, inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Watoto waje na mtu mzima. Na paka anayeteseka bila tumaini la kupona, veterinere ndiye aamue kumpumzisha bila maumivu. Hiyo si kazi ya fimbo wala ya mawe ya watoto.

Kuhusu uchawi, tutasema machache. Paka kipofu hakutumwa na mtu. Amepata mafua akiwa mdogo na hakupata dawa ya macho kwa wakati. Mapadri, wachungaji na maimamu wetu wanasikilizwa kuliko gazeti, walisemee jambo hili. Mtaa unaomzoea mtoto wake kumpiga mawe kiumbe kisichoona unamfundisha kitu, naye hatakisahau atakapokutana na bibi mzee anayeishi peke yake, au na mwenzake anayetembea kwa magongo. Wakaaji wa Bunia tumeona vya kutosha mahali ambapo dharau kwa mnyonge inatufikisha.

Tunaomba nini, kwa ufupi? Shefu wa kartie aite kikao na kutafuta parseli moja yenye ukuta. Huduma ya serikali ya mifugo itoe nusu siku moja kwa mwezi. Wauzaji wa samaki na wachinjaji watoe mabaki kwa zamu. Wanafunzi wa vyuo vyetu wajiandikishe, hasa wale wa ufugaji na wa uuguzi, ambao watajifunza humo mambo yasiyo kwenye sillabasi. Salongo tunaijua wote, tunafagia mitaro kwa sababu tumeamriwa. Hii itakuwa salongo ya hiari, na kwa maoni yangu kijana asiye na kazi akipewa kiumbe kinachomngoja kila asubuhi anapata sababu moja zaidi ya kutoenda kukaa kijiweni, au kubaya zaidi.

Kuna tarehe mbili kwenye kalenda. Tarehe 28 Septemba dunia inaadhimisha siku ya kupambana na kichaa cha mbwa, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Ingefaa iwe siku ya chanjo ya mbwa na paka katika Mudzipela. Tarehe 5 Desemba ni siku ya kimataifa ya wanaojitolea. Kati ya tarehe hizo mbili kuna muda wa kutosha kwa watu kumi kufundishwa.

Nilirudi kwa yule mama majuma matatu baadaye. Hakupata mahali pa kumpeleka paka, alibaki naye. Jicho moja limefunga kabisa, la pili linaona mwanga kidogo. Anakula jikoni, bakuli liko pembeni ya mkaa, na watoto wa nyumba wamekatazwa kulisogeza. Mmoja wao, aliniambia mama mwenyewe, alikuwa kati ya wale watano wa mawe. Sasa ndiye anayeleta maji.

Mama huyo amefanya sehemu yake peke yake, kwa kitenge kizee na bakuli moja. Swali lake bado liko barabarani. Mudzipela, tumpeleke wapi atakayefuata?