Muungano wa Kaunti Uanzie Mtoni

Ndugu wakulima wa skimu,

Hapana shaka mmesikia habari za miungano ya kaunti. Wengi wenu husema, hayo ni mambo ya magavana, hayamhusu mtu mwenye eka chache na ng'ombe watatu. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, naona vingine. Mambo haya yawahusu ninyi kwanza.

Miungano hii ni kitu gani? Tangu 2013 nchi yetu ina serikali za kaunti 47. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 189, yaziruhusu kushirikiana na kuunda kamati za pamoja. Kwa hiyo kaunti jirani zimejiunga mafungu mafungu ili zipange maendeleo pamoja. Za Pwani ni 6, za North Rift ni 8, na za Kanda ya Ziwa ni 14. Trans Nzoia na Nandi zimehesabiwa katika miungano miwili, wa Ziwa na wa North Rift. Wengine hucheka, wakisema huko ni kula kwa mikono miwili. Lakini utazameni mto Nzoia, mtajua sababu.

Maji ya Nzoia hutoka Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Hupita Trans Nzoia, yakashuka Kakamega na Bungoma, hadi Busia na Siaya, kisha huingia Ziwa Victoria. Mkulima wa juu akilima mteremko bila makinga maji, au akipanda mahindi hadi ukingoni mwa kijito, mvua huchukua udongo wake. Hupata hasara yeye, na hasara haiishi hapo. Udongo ule huujaza mto tope huko chini, na mafuriko yakija Budalangi watu huhama nyumba zao. Serikali ya Busia yaweza kujenga tuta la kuzuia maji, lakini haiwezi kumwamuru mtu wa Cherangani aache kulima ukingoni. Dawa yake ni mpango mmoja, tangu chanzo hadi ziwani.

Magonjwa nayo hayaulizi mpaka. Ule ugonjwa wa virusi unaokausha mahindi ulionekana Bomet mwaka 2011, kisha ukaenea kaunti nyingine. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi vilishambulia mahindi ya magharibi. Kuzuia magonjwa ya mimea na mifugo ni kazi ya kaunti. Basi kaunti moja ikichanja ng'ombe na jirani yake isichanje, fedha za chanjo zimemwagika bure. Yafaa zichanje wakati mmoja.

Jambo la tatu ni ushuru wa mazao. Lori la viazi hutozwa hapa, likivuka mpaka hutozwa tena. Mwenye lori hatoi fedha hizo mfukoni mwake. Huzikata katika bei anayokupa wewe. Lakini kifungu cha 209 cha Katiba chakataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara kati ya kaunti na kaunti. Kaunti za muungano zingeweza kukubaliana risiti moja itoshe njia nzima.

Wako waogopao kwamba haya ni majimbo ya 1963 yanarudi. Sivyo. Majimbo yale yalikuwa na mabaraza yake ya kutunga sheria. Muungano wa kaunti hauna bunge, wala hauwezi kutoza kodi. Hiyo ni salama yetu, lakini pia ni udhaifu wake. Magavana waweza kutia sahihi mbele ya wapiga picha, lakini kama mabunge ya kaunti hayakutenga fedha, ahadi itabaki karatasi.

Hapo ndipo penye kazi yenu. Bunge la kaunti lapaswa kuwasikiliza wananchi. Ndivyo kisemavyo kifungu cha 196. Mkutano wa bajeti ukiitishwa, msimwachie chifu na vijana wa wanasiasa. Chama cha ushirika kipeleke watu wake wakiwa na maswali matatu yaliyoandikwa. Mwaka huu mmetenga shilingi ngapi kwa kazi ya pamoja na jirani zetu? Chanjo yetu na yao itakuwa tarehe gani? Ushuru wa mazao utalipwa mara ngapi? Mkijibiwa, katibu aandike jibu, na mwaka ujao mlisome tena mbele ya watu wale wale.

Nanyi mkiomba mpango wa mto, anzeni nyumbani. Chimbeni makinga maji, pandeni matete kwenye kingo zake, na uacheni ukingo wa kijito upumzike. Mtu wa Budalangi hakujui jina, lakini huijua kazi ya jembe lako kila masika.