Uvimbe wa ini: kwa nini huyu achukuliwe kinyama na yule asichukuliwe?

Msomaji wetu mmoja ametuandikia kuhusu baba yake mzazi. Mzee ana ini lililosinyaa kwa makovu. Altrasaundi ikaonesha uvimbe, akapelekwa kwenye kipimo cha MRI chenye sindano ya dawa, na majibu yalipotoka daktari akataka achukuliwe kinyama. Jirani yao mwenye maradhi kama hayo alianzishiwa matibabu bila kuchukuliwa kinyama. Ndugu yetu anauliza: je, mzee anachezewa?

Tunavyoona, hachezewi. Lakini kabla ya kueleza, tuseme jambo linaloumiza familia nyingi za Kiislamu. Pakitajwa ini kusinyaa, minong'ono huanza kwamba mgonjwa alikuwa akinywa pombe kwa siri. Pombe ni sababu mojawapo tu. Katika nchi zetu homa ya ini aina ya B ina sehemu kubwa, na mtu huweza kuambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, akaishi nayo miaka mingi bila dalili yoyote. Mgonjwa akichelewa hospitali kwa kuogopa midomo ya watu, waliomsema wamemdhulumu.

Sasa turudi kwenye kipimo. Ini hupata damu kwa njia mbili: takriban robo tatu huja kwa mshipa utokao matumboni, na iliyobaki kwa ateri. Saratani inayoanzia katika chembe za ini zenyewe, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi kwa wenye ini lililosinyaa, hulishwa hasa na ateri. Kwa hiyo dawa yenye gadolini ikiingizwa mwilini, uvimbe huo hung'aa mapema, ndani ya nusu dakika hivi, ilhali ini lenyewe halijapata fungu lake. Dakika moja hivi baadaye mambo hugeuka: ini limeng'aa, uvimbe umefifia. Hii ndiyo sababu picha hupigwa mara kadhaa na mgonjwa huamriwa kuzuia pumzi. Akipumua katika sekunde zile za mwanzo, picha huvurugika na ushahidi mkuu hupotea.

Ipo saratani nyingine, ya mirija ya nyongo iliyomo ndani ya ini. Hii mara nyingi ina nyuzinyuzi nyingi kama kovu, na dawa huipenya polepole. Hung'aa ukingoni kama pete, kisha katikati hujaa taratibu, wakati ile ya kwanza imekwisha kufifia.

Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa mwongozo wa kusoma picha hizi mwaka 2011, uitwao LI-RADS. Kwa mwenye ini lililosinyaa, uvimbe ukipewa daraja la 5, picha yatosha kuthibitisha saratani ya chembe za ini. Yumkini ndivyo ilivyokuwa kwa jirani. Ukipewa herufi M, maana yake unaelekea kuwa saratani, lakini picha haikuweza kusema ni ya chembe za ini. Baadhi ya hizo hatimaye huonekana kuwa za chembe za ini, nyingine za nyongo, nyingine mchanganyiko. Hapo ndipo kinyama huhitajika, kwa kuwa tiba hutofautiana: uvimbe mdogo wa chembe za ini huweza kuunguzwa kwa sindano maalumu, kuzibiwa ateri yake, au mgonjwa kupandikizwa ini jingine. Saratani ya nyongo hutegemea zaidi upasuaji na dawa za saratani.

Mwulizeni daktari majibu ya mzee yamepewa daraja gani. Mwulizeni pia kama damu yake inaganda vizuri, kwani ini lililosinyaa hupunguza uwezo huo na sindano huweza kuleta kutoka damu. Na kama chanzo ni homa ya ini B, mama yenu nanyi watoto nendeni mkapime. Asiyekuwa nayo wala kinga yake achanjwe.