Karatasi Iliyokosekana Usiku

Juma hili twaomba tuiache bahari nyuma yetu, tupande bara hadi Kitale na Bungoma, waliko jamaa zetu wa biashara ya mbegu na mbolea. Yaliyowafika huko ni madogo kuyataja, lakini nusura yavunje udugu.

Duka lao kubwa liko Kitale, mji ulio makao makuu ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya. Tawi liko Bungoma. Kwa miaka mingi, kila saa mbili usiku, milango ikiwa imefungwa, kompyuta ya Bungoma ilikuwa ikichapa yenyewe taarifa ya siku: mauzo, bidhaa zilizobaki na madeni ya wakulima. Asubuhi karatasi hutiwa sahihi, ikapakiwa kwenye matatu hadi kwa shangazi yetu Kitale, ambaye hana haja na kioo cha kompyuta. Yeye huamini wino.

Mwezi wa Machi, msimu wa kupanda, programu ya hesabu ikatiwa toleo jipya. Tangu usiku ule karatasi haikutoka. Kijana wa tawi akibonyeza kwa mkono mchana, yatoka, usiku, kimya. Siku ya nne shangazi akauliza ni kwa nini taarifa ipotee wakati ule ule mikopo ya mbegu inapozidi. Kijana, ambaye ni mwana wa nduguye, akajibu kwa uchungu: “Shangazi, kama amana yangu imeingia shaka, njoo uhesabu magunia mwenyewe.”

Tukawasihi wote wawili wasubiri, tukaandamana na fundi hadi Bungoma.

Fundi alianza na swali jepesi: je, kazi ya usiku huanza? Kumbukumbu za programu zilionyesha kwamba kila usiku ilianza saa mbili kamili, wala haikumalizika hata mara moja. Basi saa haikuwa na kosa. Printa nayo ilikuwa nzima, kwani mchana ilichapa. Likabaki swali la tatu: kazi hii yaendeshwa kwa akaunti ya nani?

Hapo ndipo fundo lilipofunguka. Toleo jipya lilikuwa limeihamisha kazi kutoka akaunti ya kijana hadi akaunti mpya ya programu yenyewe. Katika Windows kila akaunti ina printa yake ya kawaida, na ya akaunti hii haikuwa ile mashine ya mezani, bali printa isiyo na wino wala karatasi, inayogeuza kila kitu kuwa faili ya PDF. Printa ya namna hiyo huuliza kwanza: faili ipewe jina gani? Na tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kazi za nyuma ya pazia zimetengwa na kioo cha mtumiaji. Swali likaulizwa pasipo jicho la kuliona, kazi ikangoja jibu hadi kompyuta ilipowashwa upya asubuhi.

Dawa ilikuwa fupi. Fundi aliiunganisha printa ya mezani na akaunti ile, akaitaja kwa jina lake ndani ya mpangilio wa taarifa. Kisha hakuridhika na jaribio la mchana: kijana alitoka katika akaunti yake, sote tukakaa tukingoja saa mbili. Karatasi ikatoka. Taarifa za siku zilizopita zikachapwa, magunia yakahesabiwa ghalani, na hesabu zikalingana.

Kwa wenye maduka miongoni mwenu, twashauri haya. Kabla ya kukubali toleo jipya, andikeni kila kazi inayojiendesha: saa yake, akaunti yake, printa yake. Baada yake, ijaribuni katika hali ile ile inayofanyia kazi, pasipo mtu mezani. Tena taarifa ihifadhiwe pia kama faili katika folda maalumu, ili karatasi ikikosekana, hesabu isikosekane.

Na kabla ya kumhoji mtu, ihojini mashine. Usiku ule shangazi alimpigia simu mwana wa nduguye, akamwomba radhi. Asubuhi karatasi ilipanda matatu kama desturi, na sahihi ya kijana chini yake.