Mvua Moja Haitoshi

Wako watakaosema kwamba mambo ya vyuo vikuu si mambo ya matawi ya chama. Twawajibu hivi: mkulima ndiye anayemlipia mwanafunzi yule, kwa kodi yake na kwa saa anazokaa barazani akijibu maswali. Basi ana haki ya kuuliza kazi ile yafundishwaje, na nani anaisimamia.

Pale Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu aliyefariki mwaka huo huo. Hapo na kwingineko vijana wetu hufundishwa kilimo endelevu, yaani kuvuna leo bila kuila ardhi ya wajukuu, na hutafiti mabadiliko ya tabianchi. Masomo hayo twayataka sana. Lakini kalenda yake ina kasoro.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili kwa kawaida hupewa miaka miwili. Mwaka wa kwanza huishia darasani. Akija shambani mwaka wa pili apata masika moja tu, kisha sharti aandike. Masika ikiwa njema, mbegu aliyoijaribu husifiwa. Ikiwa mbaya, hulaumiwa. Na wataalamu wa hali ya hewa wenyewe huipima tabianchi kwa wastani wa miaka 30! Aliyeona mvua moja atawezaje kumwambia mkulima wa Gairo aache mahindi apande mtama?

Nchi hii imekwisha kulipia haraka ya namna hiyo. Mwaka 1946 Waingereza walileta watu watatu kuitazama Tanganyika kwa ajili ya mpango wa karanga. Walitazama kwa wiki tisa, wakaandika kwamba karanga zitastawi. Mitambo ikapelekwa Kongwa. Mvua ikakataa, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na Januari 1951 mpango ukafutwa, mamilioni ya pauni yamekwenda. Wagogo walikuwa wakiijua mvua ya pale tangu enzi za babu zao.

Kwao, Waingereza hao hao hawana pupa. Huko Rothamsted liko shamba liitwalo Broadbalk, ambalo limepandwa ngano na kupimwa tangu mwaka 1843. Waliolianzisha wamekufa, waliowarithi wamekufa, na daftari lingali linapita mkono kwa mkono.

Hilo ndilo tunalolidai kwa walimu wasimamizi. Mwanafunzi hana miaka 10, lakini mwalimu anayo. Msimamizi achague kijiji, apatane na wakulima juu ya vipande vya mashamba yao, na kila mwanafunzi ajaye apokee daftari la aliyemtangulia, apime mvua, unyevu wa udongo na mavuno kwa namna ile ile, kisha alikabidhi. Tutaambiwa kwamba kila tasnifu lazima iwe na jambo jipya. Vema, swali na liwe jipya. Shamba liwe lile lile. Tutaambiwa pia kwamba fedha za wafadhili ni za miaka mitatu au minne. Ndiyo sababu twasema kazi hii ipewe fungu lake katika bajeti ya Serikali, hata likiwa dogo. Kipima mvua si ndege ya vita.

Na msimamizi mwenyewe avae viatu vya shamba. Haifai kusahihisha sura zote za tasnifu bila kuliona hata siku moja shamba linaloandikwa. Milima ile iliyo mbele ya chuo inayo habari yake. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kulinda udongo ni jambo jema, nani atakataa? Lakini udongo wa juu kule mahali pengi ni mwembamba. Jembe likaufukia na kutoa juu ule usio na rutuba, watu wakatoka jasho bila kupata chakula. Mwaka 1955 wananchi walikataa, ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Kumbe kule Mbinga Wamatengo walikuwa na ngoro zao kwenye miteremko mikali: mashimo ya kushika maji ya mvua, na nyasi zilizofukiwa chini ya udongo kuwa mbolea. Hakuna bwana shamba aliyewachapa wazilime. Miaka ya baadaye watafiti wa Sokoine walikwenda kwa Wamatengo kujifunza, na kwa hilo twawapongeza bila kinyongo.

Kisha iko lugha. Mkulima aliulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, na majibu yake yakafungiwa maktabani kwa Kiingereza. Huko ni kuchukua pasipo kurudisha. Twataka mwanafunzi, kabla hajavaa joho, arudi kwenye mkutano wa kijiji asome aliyoyapata, hata kama mbegu ilishindwa, na msimamizi wake awe ameketi hapo kusikia atakavyoulizwa. Wazee wa kijiji wanajua kutahini.

Makatibu wa matawi, kijana akifika na barua yake ya utafiti, mpokeeni vizuri na mpeni mwenyeji. Kabla hajaondoka mwulizeni siku ya kurudi, mkaiandike kitabuni pamoja na jina la msimamizi wake.