Kuwasha Lori Si Kukesha na Televisheni

Kuanzia Kasongo hadi Kabambare, panapouzwa batri hutakosa kusikia hoja hii: "Batri hii ni ya lori. Iliyoamsha injini ya lori itashindwaje na televisheni yako?" Mnunuzi anacheka, anatoa dola, anaifunga nyuma ya pikipiki. Haipiti miezi mingi, utamsikia akiilaani sola.

Sola imesingiziwa. Injini hudai nguvu nyingi kwa kitambo kidogo tu. Starta ikivuta ampea 200 kwa sekunde 3, haijamaliza hata robo ya ampea-saa moja, na altaneta huirudisha papo hapo. Ndiyo maana batri ya gari hutiwa sahani nyingi nyembamba. Nyumbani mambo ni kinyume: televisheni, dekoda na taa chache, tuseme wati 70, kwa saa tano. Hizo ni wati-saa 350, mbali na zinazopotelea kwenye inverta. Batri ya ampea-saa 70, ikiwa mpya kabisa, ina wati-saa 840. Kila usiku unaichota karibu nusu, asubuhi ni mawingu, jioni unaichota tena. Salfati inagandamana, sahani zinamomonyoka.

"Lakini inverta hulia kabla haijaisha." Inverta nyingi hulia volti zikishuka hadi 10.5 hivi, na batri ya risasi ya volti 12 ikifika hapo imeshakauka. Ule ni mlio wa matanga.

Kisha anaitwa fundi na chupa yake ya asidi. Kinachopungua ndani ni maji, ambayo chaji huyapasua yakatoka kama gesi. Asidi yenyewe haiendi popote. Kuiongeza ni kuzila sahani zilizobaki.

Wanaonishangaza zaidi ni wenye foni, zile redio za mawasiliano. Redio ya wati 100 ikisikiliza tu hula ampea 1 au 2. Ukibonya maiki, hufika 20. Asubuhi batri mbovu itaonyesha volti 12.6, wote wakaridhika. Bonya maiki sasa: mita inaporomoka, sauti inakatika katikati ya neno, na mwenzako wa Kindu anauliza kama bado upo. Batri hupimwa ikiwa kazini, jamani.

Najua batri za sahani nene, zinazofaa kazi hii ya nyumbani, ni ghali, na kwa barabara zetu hizi pengine hazifiki kabisa. Basi nunua ya gari, ila uipe taa na redio peke yake, na ikipumzika ikasoma 12.2, iache mpaka jua litoke. Televisheni ingoje batri yake. Na muuzaji usimuulize imewasha lori gani. Muulize ina ampea-saa ngapi, imekaa stoo tangu lini, na mara ya mwisho ilichajiwa lini.